Bata Kumi na Wawili wa Reuben Larter

Hakuna aliyemkaribisha chai.

Sajini Hester Cubitt aliusukuma mlango wa kibanda cha wawindaji kwa bega, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia gunia, na upepo wa baharini ukaingia naye ukapuliza majivu ya jiko hadi kwenye magoti ya wanaume. Walikuwa watano. Watatu wakatazamana, wakavaa kofia zao bila neno, wakampita mlangoni kama watu wanaopita nguzo. Mmoja alimkanyaga mguu. Hakugeuka kuomba radhi.

Wakabaki wawili. Clem Nudd, mshika funguo wa chama, pande la mtu mwenye masikio mekundu kwa baridi, alisimama mbele ya birika kana kwamba analilinda. Na pembeni kabisa mwa jiko, kwenye kiti chenye mto, alikaa mzee Ezra Gotts, aliyeanza kuwinda bata katika vinamasi vya Thornsea kabla hajaota ndevu, na sasa ndevu zenyewe zilikuwa nyeupe zote.

"Funga mlango," Clem alisema. "Kuni hazianguki kutoka mbinguni."

Hester aliufunga kwa kisigino. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Ikifika saa nane mchana, huko mjini, inspekta wake angemfungulia Abel Thaxter shitaka la kuua, na karatasi zile zikishaanza safari yake hakuna sajini wa kuzirudisha. Abel alikuwa na miaka ishirini na minne, mke, na mtoto wa miezi mitatu. Mke wake, Dorcas, alikuwa binti wa huyuhuyu mzee Ezra.

"Nimekuja kuuliza tena," Hester alisema.

"Uliuliza jana."

"Jana mlinidanganya."

"Marehemu baba yako alikuwa mtu wa vinamasi," Clem alisema. "Angekuona unavyowasomba watoto wa wenzake kuwatia ndani, angekutosa kwenye tope kwa mkono wake."

"Baba alikuwa mtu wa Marlham. Watu wa Thornsea hakuwapenda."

Mzee Ezra alicheka puani. "Hilo la kweli," alisema. "Na sisi hatukumpenda. Lakini kwa bunduki, alikuwa fundi."

Hester aliliweka gunia juu ya meza. Ndani yake kulisikika mbao zikigongana.

Mambo yenyewe, kwa ufupi, yalikuwa hivi. Sakitu, ile baridi inayogandisha maji, ilikuwa imeikaba pwani ile siku kumi na saba. Mikondo iliganda, tope likaganda, na mahali pote ambapo bata mwitu hupata riziki pakafungwa kama mlango. Jumatatu asubuhi redio ikatangaza kwamba uwindaji umesimamishwa pwani nzima, kama inavyotangazwa kila baridi inapopita wiki mbili, kwa sababu ndege hawana nguvu ya kukimbia na kuwapiga katika hali hiyo si kuwinda. Thornsea walikuwa na mwiko huo tangu zamani, kabla serikali haijafikiria kuandika sheria.

Reuben Larter hakujali redio wala mwiko. Jumatatu jioni aliwaambia watu kilabuni kwamba kesho yake anatoka, na Abel Thaxter akamshika ukosi mbele ya wote; alfajiri akamfuata tena kinamasini. Jumanne, maji yalipopwa, Reuben alikutwa amekufa ndani ya mkondo, amezama hadi mapajani. Tope la mikondo ile huwa gumu juu, chini uji. Mtu hujitoa kwa upondo, mti wake mrefu: anaulaza mbele, anaulalia, anajivuta. Upondo wa Reuben ulikutwa umechomekwa wima ukingoni, hatua ishirini kutoka alipokwama. Hakuna mwindaji wa pale anayeingia topeni bila upondo, kwa hiyo mjini wakasema mtu alimnyang'anya. Na juu yake zilikutwa alama za vidole vya Abel.

"Abel ndiye anayechonga pondo za chama kizima," Hester alisema. "Nikichukua wako, Clem, nitakuta vidole vyake."

"Mwambie inspekta wako, siyo mimi."

"Nimemwambia. Anataka zaidi. Wewe ndiye uliyemkuta Reuben. Uliniambia ilikuwa saa saba mchana."

"Ndiyo."

"Mama wa duka la mikate alikuona unarudi kutoka kwenye tuta la kuzuia maji saa sita kasoro. Umebeba kitu mgongoni, unatembea kwa haraka, na salamu yake hukuijibu."

Clem aligeuka akaanza kukoroga moto ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Saa nzima, Clem. Mtu amekufa kwenye mkondo na wewe una saa nzima ya kwako. Nikimpelekea inspekta hilo, atakuwa na watu wawili wa kuchagua."

"Unanitisha?"

"Ndiyo."

"Mpe, Clem," mzee Ezra alisema bila kuinua macho. "Atakuganda mpaka Pasaka."

Clem alitupa chuma cha kukorogea, akatoka kwa mlango wa nyuma uliokwenda kwenye banda la kuni, akarudi na mfuko wa turubai. Aliumwaga juu ya meza, karibu na gunia. Bata saba, wamekauka kwa barafu, miguu imenyooka kama vijiti.

"Alikuwa nao begani," alisema. "Niliwatoa. Ikijulikana mtu wetu kawinda wakati wa sakitu, mwenye ardhi atatunyang'anya kinamasi. Tuna miaka mia na kitu pale. Reuben alishakufa, bata walishakufa. Nikaona niokoe kinachookoleka."

"Uliharibu ushahidi."

"Niandike basi. Tahajia ya Nudd unaijua."

Hester hakuandika. Aliinua bata mmoja. Alikuwa mwepesi, manyoya matupu. Kifua kimekonda kama ubao wa kufulia, mifupa tu. Lakini chini ya shingo, pale ndege anapowekea chakula kabla hakijashuka, palikuwa pamevimba. Alipabonyeza. Pakasaga kwa ndani, kama mchanga ndani ya soksi.

"Nipe kisu chako."

Clem alimpa kwa upande wa makali. Hester alikipokea hivyohivyo, akakigeuza, akapasua. Punje zikadondoka juu ya meza zikiwa bado zimeshikana kwa barafu. Akapasua wa pili, wa tatu. Hali ni ileile.

"Shayiri," alisema. "Siku kumi na saba hakuna jani lililo wazi wala konokono kutoka hapa mpaka Marlham, na hawa wamekufa wameshiba shayiri. Nani anawalisha?"

Clem alitazama viatu vyake. Mzee Ezra alitazama moto.

"Nimeuliza swali jepesi."

"Labda Reuben mwenyewe," Clem alisema. "Aliwatega."

"Reuben hakuwahi kumpa hata mbwa wake chakula cha kushiba. Mliniambia nyinyi wenyewe jana, mkicheka."

Mlango ukafunguka. Safari hii upepo uliingia na mwanamke, kifuani amejifunga mtoto kwa shali, juu yake kavaa koti la mwanamume lisilofungika vifungo. Dorcas Thaxter alimtazama sajini kama mtu anavyotazama kinyesi kwenye zulia.

"Nimeona gari lako," alisema. "Nikasema nije niwatazame wanaume wa Thornsea wanavyomtetea mwenzao. Kumbe wamekimbia, nimekutana nao njiani. Clem, wewe umebaki kwa sababu ya birika, nadhani."

"Dorcas, kaa, mwanangu," mzee alisema. "Mtoto atapata baridi."

"Mtoto ana joto kuliko baba yake. Seli ina dirisha lililovunjika, nimeliona kwa macho yangu." Alimgeukia Hester. "Siku mbili, sajini. Unajua mume wangu alimfuata Reuben kwa nini? Kwa sababu ya ndege. Mtu anayegombana kwa ajili ya ndege ataua mtu?"

"Watu wameua kwa madogo zaidi," Hester alisema. "Bibi Thaxter, naomba unisaidie jambo moja. Kuna mtu aliyekuwa akiwapelekea bata shayiri."

"Sisi," Dorcas alisema papo hapo, na kidevu kikapanda. "Familia hii. Baba huenda kila mwaka baridi ikikaza. Anavunja barafu kwenye dimbwi la nyuma ya mkondo, anawamwagia. Jumatatu alichukua nusu gunia la shayiri ya kuku wangu, sikumwambia kitu. Andika hilo kwenye kitabu chako. Sisi ni watu wanaolisha ndege, hatuui watu."

Mtoto alipiga chafya.

Hester hakumtazama mzee. Alilifungua gunia akawatoa waliomo mmoja mmoja, akawapanga juu ya meza: bata kumi na wawili wa mbao, wa zamani, waliochongwa na babu yake Reuben na kupakwa rangi kwa mkono, kila mmoja ana kamba yake na chubwi lake la kumtia nanga. Ndio ambao wawindaji wa pale huwaelesha majini ili bata wa kweli wawaone wenzao na kushuka.

"Hawa walikutwa kwenye maficho ya kuwindia ya Reuben," alisema. "Ndani ya gunia, gunia limetundikwa msumarini, juu ya maji. Mjini wanasema Reuben aliwakusanya mwenyewe, kisha akaenda kuokota ndege aliyeanguka, akakwama. Clem, Reuben alikuwa anafungaje kamba zake?"

"Reuben?" Clem alikuwa ameshajibu kabla hajafikiri. "Reuben hakufunga. Aliwatupa guniani kama viazi, na kesho yake anakaa saa nzima kufumua mafundo na kumtukana Mungu."

"Hawa wamefungwa."

Clem aliwatazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Wote kumi na wawili, na kwa namna moja," Hester aliendelea. "Mfunge mmoja hapa, nione."

Alifumua kamba ya wa mwisho, akamsukumia. Clem alisita, kisha akamzungushia kamba tumboni mara tano, haraka, kama anayefunga bandeji, akachomeka chubwi.

"Abel alifanya hivyohivyo," Hester alisema. "Nilimpelekea mmoja seli leo alfajiri. Ndivyo mnavyofunga wa plastiki, wote mliojifunza siku hizi. Lakini kamba yenye maji na mchanga ikizunguka tumboni inakwangua rangi. Plastiki haina hasara. Wa mbao, ndani ya misimu miwili wamebaki uchi. Ndiyo maana wazee walipitisha kamba chini, kwenye mkuku, ule ukingo wa katikati ya tumbo, kutoka shingo hadi mkia, mara tatu, na chubwi wakalivisha shingoni bila kugusa ubavu. Kama hivi." Alimgeuza mmoja tumbo juu. "Baba yangu alifunga hivi. Sijamwona mwingine miaka ishirini."

"Wapo wazee," Clem alisema taratibu.

"Thornsea wapo wawili. Mmoja yuko hospitali tangu Krismasi na nyonga iliyovunjika."

Dorcas alicheka, kicheko kifupi kikavu. "Unataka kusema nini?"

"Mzee Ezra," Hester alisema, "Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Kifua kilinibana."

"Tangu saa ngapi?"

Huku akiuliza, alikuwa amefumua kamba ya bata mwingine, akamweka kwenye ubao ulio karibu na goti la mzee, kamba ikining'inia hadi sakafuni, kwenye majivu.

"Tangu Jumatatu usiku," Ezra alisema. "Nilikunywa maji ya limau, nikalala."

"Nani alikupikia?"

"Nilijipikia. Mke wangu alishafariki, wajua." Mkono wake ulishuka ukaiokota kamba kutoka kwenye majivu. Akaipitisha katikati ya vidole, kuipangusa.

"Hukusikia bunduki?"

"Upepo ulivuma kutoka kule. Bunduki zipo siku zote." Akamlaza bata wa mbao pajani, tumbo juu.

"Wakati wa sakitu?"

"Basi sikusikia." Shingo, mkia. Shingo, mkia. Macho yake yalikuwa kwa sajini, makali, ya kutopenda. "Unauliza maswali mengi kwa mtu mgonjwa, binti Cubitt."

"Na shayiri uliipeleka siku gani?"

"Jumatatu."

"Jumanne hukwenda kutazama kama wamekula?"

Shingo, mkia. Chubwi likaingia shingoni mahali pake, bila kugusa rangi.

"Baba," Dorcas alisema.

Mzee alitazama chini. Alikaa akiitazama mikono yake kwa muda, kama mtu aliyekuta mgeni ameketi mezani kwake. Kisha akamweka yule bata juu ya ubao, kwa uangalifu, akimwelekeza mdomo ukutani ili asianguke.

"Abel alikuwa ameshaondoka," alisema.

Hester alitoa kitabu chake, akamwambia yale ambayo sheria inataka mtu aambiwe kabla hajasema. Ezra alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Niliwasikia wakitukanana. Abel akaenda zake, kunakucha. Mimi nikapita nyuma ya tuta na ndoo yangu. Tundu lile nililivunja kwa shoka, sajini, siku mbili, lina ukubwa wa chumba hiki. Bata walikuwa wanakuja kwa miguu. Hawana nguvu ya kuruka, wanatembea juu ya barafu kama akina mama wanaotoka sokoni. Nikakuta ameyaelesha haya mambao yake katikati ya shayiri yangu, amekaa, anawapiga wakila."

"Ulimwambia kitu?"

"Sikuwahi. Mmoja aliyejeruhiwa alivuka mkondo, Reuben akamfuata. Bunduki mkono mmoja, upondo kauacha ukingoni. Mpumbavu. Akakwama, akaniona. Akasema, Ezra, nipe huo upondo."

"Na wewe?"

"Niliushika. Nilikuwa na glovu. Nikauchomeka pale niliposimama."

Kuni zilipasuka jikoni. Clem alikuwa ameketi bila mtu kumwambia aketi.

"Maji yalishaanza kuingia," Ezra aliendelea. "Barafu inapoanza kusogea inasaga kila kitu. Hawa walichongwa na babu yake, babu yake alinifundisha kulenga. Nikaingia nikawatoa."

"Wote kumi na wawili."

"Wote."

"Ukawafunga kamba, mmoja mmoja. Ilichukua muda gani?"

"Sijui. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Dakika ishirini. Zaidi."

"Na muda wote huo Reuben alikuwa hapo."

"Hatua ishirini."

"Anafanya nini?"

Dorcas alikuwa ameusogelea ubao, mkono mmoja nyuma ya kichwa cha mtoto.

"Mjibu, baba. Alikuwa anafanya nini?"

"Anaita."

"Anamwita nani?"

"Mwanzo aliniita mimi," mzee alisema. "Baadaye mama yake."

Dorcas alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Jana ulikula supu mezani kwangu. Uliomba kuongezewa. Abel yuko seli, na wewe unaniambia nisilie, maziwa yatakata."

"Nilijua watamwachia. Hana kosa."

"Wasio na kosa hawaachiwi hivihivi. Lazima mtu aseme. Ulikuwa unangoja nani aseme, baba? Huyu?" Alimwinua mtoto kidogo kifuani. "Hajaanza kuongea."



Kulikuwa na simu ukutani, nyuma ya mlango. Hester aliinua mkonga wa simu, akazungusha namba ya kituo, akangoja. Sauti ya inspekta ilisikika hadi jikoni, imechoka na imekereka. Akamwambia asitishe shitaka, kwamba anakuja na mtu aliyekiri mbele ya mashahidi wawili. Inspekta aliuliza kama ana hakika, maana karatasi zimeshapigwa chapa. "Zichane," Hester alisema, akakata.

"Umefurahi," Clem alisema. Hakuwa akiuliza. "Reuben hakuwa na thamani ya ukucha wa mzee huyu. Kila mtu hapa anajua. Usikanyage tena Thornsea, ukiwa na kazi au bila kazi."

"Kesho nitarudi kuchukua maelezo yako," Hester alisema. "Kuhusu huo mfuko. Uwe na kalamu."

Alimfunga mzee pingu kwa mbele. Vifundo vya mikono vilikuwa vyembamba hata ikabidi azibane hadi jino la mwisho. Ezra alisimama, akajaribu kuvuta koti lake lifunge kifuani, na mikono iliyofungwa ikashindwa kukifikia kifungo cha juu. Alijaribu mara mbili. Clem aligeuza uso.

Dorcas alimhamishia mtoto upande wa kushoto. Kwa mkono uliobaki akavifunga vifungo vya baba yake, kuanzia chini, kimoja kimoja, mpaka kooni, akainua na ukosi. Alifanya kazi ile bila kumtazama usoni.

"Dorcas," mzee alisema.

"Sijakusamehe. Nje kuna baridi, basi."

Kisha akamgeukia Hester. Sauti yake haikuwa imelainika hata kidogo.

"Nakwenda na nyinyi. Nataka Abel akitoka anikute mlangoni, mimi na mwanawe."

"Gari ni moja tu," Hester alisema.

"Nimeliona. Nitakaa mbele."